Filamu Iliyompandisha Mama Mkwe Juu ya Lori

Jamani, wacheni niwaambie mimi mwenyewe, maana mkiisikia kwa watu wa Karungu mtaipata imeshaota pembe na mkia. Ndiyo, ni mimi. Ni mimi niliyelikimbiza soko zima mlimani Jumapili mchana, jua linawaka, ziwa limetulia tuli, na mama mkwe wangu akaishia juu ya lori la mchanga. Chekeni tu, nimezoea. Lakini msidhani naisimulia kwa kuwa imenitoka moyoni, nina hasira mpaka leo, na wa kwanza ninayemkasirikia ni huyo aliyetengeneza ile filamu, popote alipo, asinywe chai akashiba.

Kwa asiyenijua, mimi ni mtu wa kule chini karibu na mto Kuja. Nashona viatu, lakini mvua ikinyesha huko juu milimani, kazi yangu ni sauti. Kamati ya kijiji ilinipa kipaza sauti cha mkononi, kile chenye king'ora, na mto ukipanda mimi ndiye napita nyumba kwa nyumba nikitangaza, "Pi biro! Maji yanakuja!" kwa Kijaluo na kwa Kiswahili, ili na wageni wasikie. Watu wakiisikia sauti yangu hawaulizi swali, wanabeba watoto. Sina shamba la kujivunia wala ng'ombe wa kutajwa. Nina hiyo sauti tu.

Sasa, mafuriko ya mwisho yalikuja alfajiri. Nikatoka mbio nikaanza na nyumba za chini kabisa, kwa sababu huko ndiko maji yanaua kwanza (hiyo ndiyo kanuni na sikuitunga mimi), nikaja nikipanda mdogo mdogo, mlango baada ya mlango, na kwangu nikapaacha mwisho kwa kuwa pamenyanyuka kidogo. Kidogo tu, kumbe. Nilimkuta mke wangu Achieng amesimama juu ya meza, binti yetu Beril mgongoni, cherehani yake imezama na vitambaa vya wateja vinaelea nyumba nzima. Katika kijiji chote, mtu wa mwisho kuambiwa habari ya maji alikuwa mke wa mtangazaji. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Siku ya tatu alifunga nguo zake, akambeba Beril, akarudi kwa mama yake Karungu.

Nilituma watu, nikatuma salamu, nikatuma hadi mchungaji. Mwishowe baba yake mkubwa anayekaa Rangwe, mzee wa kanisa la Sabato, akakubali kuja kutusikiliza: nije Jumapili, saa kumi alasiri kamili, niseme yangu, na wakiridhika Achieng anarudi nami siku hiyo hiyo. Ndilo jambo lililokuwa mkononi mwangu siku ile, kumrudisha mke wangu nyumbani, hakuna lingine, na naomba mlikumbuke hilo mnaposikia nilivyolichezea.

Nilivaa koti. Nikatoka mapema kwa woga wa kuchelewa, na kwa huo woga nikafika saa saba. Saa tatu kabla ya wakati! Na nyinyi mnajua kwa sisi Wajaluo mtu hafiki ukweni kama anayekuja kukopa chumvi, na mama mkwe, maro, haonwi ovyo ovyo: humgusi, humkodolei macho, na ukikutana naye njiani unampisha ukiangalia chini. Basi nimeshuka tu hapo stendi, nainua macho, nani ninayemwona mbele yangu, hatua kama ishirini, ameketi nyuma ya beseni la omena, dagaa wa ziwani? Maro. Na mimi nina mahindi ya kuchoma mkononi, nimeyauma nusu, mdomo umejaa. Nilitupa mahindi, nikageuka, nikaingia mlango wa kwanza niliouona.

Huo ndio uamuzi wenyewe mdogo ulioniponza. Laiti ningeingia chooni.

Mlango ulikuwa wa banda la video, lile la mabati lenye mapazia meusi, na nje kwenye mlingoti kuna spika ya umbo la tarumbeta ya kuitia wateja. (Hiyo spika niliiona. Niliisikia pia, kwa masikio yangu haya mawili, ikitoa sauti ya dijei kuanzia stendi. Tena ndiyo hiyo hiyo wanayoazima pale sokoni kukiwa na tangazo la baraza au la chanjo, kwa kuwa hakuna nyingine. Kwa hiyo msinitetee.) Nikalipa, nikaketi benchi la mbele, nikajisemea nitakaa kwenye kivuli hapa hadi saa kumi ikaribie, nijipanguse makombo, nitoke kama mkwe wa kueleweka.

Filamu ilikuwa ya mwisho wa dunia. Huko angani wameweka mtambo fulani, mtambo ukaharibika, barafu yote ya dunia ikayeyuka kwa siku moja, na bahari ikaanza kupanda kuufuata mji mkubwa wa maghorofa ya vioo. Dijei, jamaa mmoja mnene mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa ameketi pembeni na maiki akitafsiri yote kwa Kiswahili na vichekesho vyake juu. Mimi sina shida na dijei. Shida yangu ilianza na maji.

Maji yalikuwa ya buluu! Mafuriko, yawa, jamani, ya buluu, safi, unaweza kuyateka ukapikia chai. Na yalikuja yamesimama kama ukuta, juu kuliko minara, na watu wamesimama barabarani wanayatazama midomo wazi, wanapigana busu. Nani amewahi kuona maji ya hivyo? Maji yanaingia chini ya mlango kimya kimya kama mwizi, rangi ya matope, yamebeba kinyesi cha ng'ombe, ndara moja ya jirani na nyoka aliyechoka. Ukiyasikia ujue umeshachelewa. Nikaanza kunung'unika, mwanzoni chini chini, kisha nikajikuta nanung'unikia watu wote.

"Hayo si maji," nikasema. "Hiyo ni rangi."

"Mzee, nyamaza tuone," mtu akasema nyuma yangu.

Ningenyamaza. Wallahi ningenyamaza kama si akta. (Huku kwetu akta ni yule mmoja tu ambaye hafi, wengine wote ni watu.) Akta alikuwa injinia, na yeye peke yake, kwenye kompyuta yake, aliona kwamba maji yatafika mjini baada ya saa moja. Saa moja nzima! Mnajua mimi na saa moja naweza kuhamisha watu wangapi? Basi nikajisogeza mbele kwenye benchi nikingoja apige king'ora. Akashika simu. Akampigia mkewe. Akamwambia, na dijei akatafsiri kwa sauti ya mahaba, "Mpenzi, mchukue mtoto, panda juu ya jengo, nakuja na ndege. Usimwambie mtu yeyote."

Usimwambie mtu yeyote!

Na banda zima likapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, na mtoto mapajani, akasema kwa uchungu kabisa, "Huyo ndiye mume. Wengine wetu tumepewa nini?"

Hapo ndipo damu ilinipanda. Mume? Akta akatoka ofisini, akakutana na askari wa mlango, mzee wa watu, mvi kichwani, na yule mzee akamfungulia mlango akamwambia siku njema, naye akajibu siku njema, akapita! Anajua mzee yule ana saa moja ya kuishi, anamwambia siku njema! Akapita kwa mwanamke anayeuza matunda. Akapita mbele ya shule, watoto wako uwanjani. Kimya. Shati lake limepigwa pasi. Na muziki unamlilia kana kwamba yeye ndiye anayeonewa. Mtu anayejua maji yanakuja akamwambia mkewe tu si shujaa, ni mwizi, ameiba saa moja ya watu wote, na nitasema hivyo hadi siku ya kiyama. (Najua mnachowaza. Mnawaza Achieng juu ya meza. Nami nilikuwa namwaza, ndiyo maana nikashindwa kunyamaza.)

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi huyo! Rudi uwaambie watu!"

Dijei akasimamisha filamu. "Mzee wa benchi la mbele," akasema kwenye maiki, "naona wewe ni profesa wa maji. Kuja basi utafsiri wewe, mimi nipumzike."

Watu wakacheka, wakaanza kupiga benchi, "Profesa! Profesa!" Mtu mwenye akili angejikalia. Mimi nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaichukua maiki.

Filamu ikaendelea. Nikamkabili akta. "Wewe mwenye shati, unaenda wapi? Kwa mke? Mwache mke akae! Mke ana miguu, atapanda mwenyewe! Rudi kwa mzee wa mlango!" Banda likavunjika kwa kicheko, wanaume wanajipiga mapaja, na mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilininogea. Miezi minne tangu Achieng aondoke sikuwa nimechekewa na mtu. Nikasema, "Sasa tazameni, hivi ndivyo maji yanavyotangazwa." Na hapo hapo kwenye filamu king'ora cha mji kikaanza kulia, nami nikaitoa sauti yangu yote, ile ya alfajiri, ile ya Kuja, mara tatu tatu kama tulivyofundishwa:

"Pi biro! Pi biro! Maji yamevunja ukingo! Acha vitu, shika mtoto, shika mzee, panda juu! Usirudi nyuma! Panda mlimani sasa hivi!"

Makofi yakawa mengi. Nikarudia. Nikarudia tena. Kisha nikaona kitu cha ajabu, makofi yako ndani lakini nje ni kimya, na soko la Jumapili halinyamazi hata siku moja. Dijei akanitazama, nikamtazama, sote wawili tukatazama waya unaopanda kutoka kwenye maiki kwenda dirishani kwenda kwenye mlingoti.

Nilitoka nje. Hakukuwa na mtu. Nyanya zinaviringika zenyewe barabarani, chapati inaungua juu ya jiko, pikipiki imelala chini inanguruma bila mwenyewe. Na kule juu, mlima mzima nyuma ya soko umejaa watu, rangi rangi za leso, wanapanda huku wakigeuka kutazama ziwa. Ziwa lilikuwa limelala kama ng'ombe aliyeshiba. Lakini wale watu si wajinga, msiwacheke. Miaka michache tu iliyopita ziwa lile lile lilipanda likameza vibanda vya chini na vyoo vyote, na spika ile ile ndiyo iliyotangaza, na wengi wao wana ndugu kule Kuja, sauti yangu wanaijua.

Nikasikia mtu anaita, "Yawa! Yawa, nisaidieni!"

Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa kando ya soko la omena, na juu ya mchanga, leso imefungwa kiunoni, kiatu kimoja mguuni na cha pili hakijulikani kilipo, alikuwa maro. Mwanamke mnene, mwenye magoti ya kuuma, mwenye heshima zake kanisani. Amepandaje hajui hadi leo. Ila kushuka hawezi, na aliyebaki chini, kati ya watu wote walioumbwa na Mungu, ni mimi.

Niliangalia chini. "Mama, habari ya mchana."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi, Mama. Baba Beril."

"Orwa," akasema polepole, yaani mkwe wetu, "maji yako wapi?"

"Mama, shuka kwanza."

"Nishuke vipi? Aliyenipandisha ni nani?"

Kumshika siwezi, kumwinulia macho akiwa kule juu na nguo zake zile siwezi, na kumwacha nako siwezi. Nikakimbia bandani nikaleta benchi (wale watazamaji wamejipanga mlangoni wananitazama mimi sasa, filamu yao imekuwa mimi), nikaliegemeza kwenye lori kama ngazi, nikaligeuzia lori mgongo, uso kwa ziwa, mikono imelishika benchi kwa nyuma. "Shuka, Mama, mimi siangalii." Nikasikia mguu mmoja. Nikasikia wa pili. Kisha benchi likateleza.

Aliniangukia, na uzito wake wote. Nikalala kifudifudi kwenye tope la maji ya samaki na maro ameketi juu ya mgongo wangu, naye hawezi kuinuka kwa sababu ya magoti, nami siwezi kujigeuza kwa sababu ya heshima, na katika hali hiyo ndipo watu wa kwanza walioshuka mlimani wakatukuta. Mbele yao baba mkubwa wa Rangwe, amevaa tai, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi.

"Baba Beril," akasema, "sisi tulikuambia saa kumi. Wewe umekuja saa nane, na umetuletea gharika."

Waliposikia kwamba ni filamu, sitarudia yote niliyoitwa. Mama mmoja wa nyanya alinishika kola. "Ati filamu? Mimi nimeacha nyanya zangu juu ya filamu? Kwani wewe uko na akili?" Na mwingine, muuza samaki mwenye mdomo mpana, akasema kwa sauti ili mlima wote usikie, "Na kabla ya maji alikuwa anasema mke aachwe! Nilimsikia! Ati mke ana miguu!"

Ndipo nikamwona Achieng. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, Beril mgongoni, chupa ya maji mkononi, na kifuani amekumbatia mfuko wa plastiki wenye vyeti vyetu vyote, umefungwa mafundo mawili. Kila kitu kama ninavyofundisha. Mtoto, maji ya kunywa, vyeti, panda juu. Hakuna mtu pale Karungu aliyekuwa amefanya hivyo isipokuwa yeye.

Nikamfuata, na tope langu. Nikasema, "Mama Beril, nisikilize."

"Nilikusikia," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nasonga ugali nikasikia sauti yako. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri mto umevunja, na wewe umetoka kule chini mbio hadi kwetu, umekuja kuniambia mimi kwanza." Akamrekebisha Beril mgongoni. "Nilipanda ule mlima nikiwa na furaha, Baba Beril. Watu wanalia, mimi nina furaha."

Akageuka akaenda nyumbani kwa mama yake, na hakuna mtu aliyehitaji kuniambia kwamba kikao cha saa kumi hakipo tena.

Nilipewa maiki ile ile niwaambie walioko mlimani washuke, hakuna maji. Wengine hawakuniamini, walikaa huko hadi jua likatua. Niliokota nyanya, nikanunua zilizopondeka, nikamtafutia maro kiatu chake (kilikuwa chini ya lori) nikampelekea kwa mkono wa mtu mwingine, nikarudi Kuja peke yangu nanuka omena.

Hasira hasara, tuliimba shuleni, na mimi niliimba kwa nguvu kuliko wote. Banda la video sitaingia tena, hata mvua ya mawe inyeshe, hata maro asimame mlangoni na mimi nina ng'ombe mzima mdomoni. Na yule akta bado namchukia. Ile "usimwambie mtu" sitamsamehe. Lakini kinachonichoma, kinachonifanya niamke nikiwa nimekunja uso, ni kwamba mpumbavu yule mwenye shati la pasi alifanya jambo moja ambalo mimi sikulifanya, na lilikuwa la kupiga simu tu.

Mvua zimerudi sasa. Mto umeshapanda mara mbili tangu siku ile. Kila ukipanda, kabla sijashika kipaza sauti, nasimama mlangoni kwangu penye nyumba tupu nampigia Achieng, ambaye yuko Karungu, juu kwa mama yake, pahali ambapo maji ya Kuja hayatafika kamwe. Namwambia, "Mama Beril, maji yanakuja."

Mara ya kwanza alikata simu. Mara ya pili hakukata, akasema, "Nimesikia. Sasa nenda uwaambie watu."